Yule Anayekimbia Njo Mwizi

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa monitere, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Nyabiondo. Jumapili moja alasiri padri alileta mashine ya sinema. Tuliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, watu wakajaa mpaka mlangoni. Filamu ilisema Kifaransa, nami nilisimama kando ya shuka jeupe nikieleza kwa Kiswahili.

Padri alikuwa amenisimulia hadithi mapema. Bwana mmoja wa suti, anayeheshimiwa na wote, ameiba mikufu ya mjane. Polisi asiye na yunifomu anauliza huku na kule, kisha anamkimbiza juu ya mapaa. Lakini kila watu wa kwenye filamu walipokaa kuzungumza, darasa lilianza kupiga kelele. Walitaka mbio na ngumi. Basi nikaacha habari zote za upelelezi, nikamwonyesha polisi kwa fimbo, ingawa nilijua mwizi ni yule bwana wa suti.

"Yule anayekimbia njo mwizi," nilisema, yaani ndiye mwizi.

Walicheka, wakapiga makofi. Nilijisikia mtu mkubwa.

Siku ya soko iliyofuata, mkulima mmoja wa Muheto alipita kati ya wauzaji wa maharage akikimbia sana. Mtu alimtegea mguu. Wengine wakaja na fimbo, wakaanza kumpiga.

"Anakimbia, iko mwizi," mmoja alisema. "Monitere alituonyesha."

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Neno langu moja lingetosha, kwa maana waliniheshimu. Niliogopa kuonekana mwongo mbele yao, nikanyamaza. Aliyewazuia ni muuguzi wa dispensari, aliyefika akihema.

"Muache yeye. Bibi yake anazaa vibaya. Mimi njo nilimutuma atafute watu wa kubeba tipoyi."

Tipoyi, yaani machela, ilichelewa. Mama alipona, mtoto hakupona.

Nilikaa wiki nzima kabla ya kwenda Muheto. Nilimkuta yule mkulima mlangoni pake, jicho moja bado limefumba kwa uvimbe.

"Papa," nilimwambia, "mimi njo nilisema ile maneno ya sinema. Nilijua haiko kweli."

"Sasa kwa nini ulisema?"

"Watu walikuwa wanacheka."

Aliniomba niseme kwa sauti ya chini, kwa kuwa mke wake alikuwa amelala ndani.