Pale pa Kuzaliwa

Tulipomzika bibi yangu kijijini Kwihara, mama mmoja wa Kizaramo anayeuza vitumbua mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, aliingia kaburini, akaketi, akakataa kutoka. Hilo halikumshtua mtu. Wazaramo ni watani wetu sisi Wanyamwezi tangu enzi za misafara, na msiba usio na vurugu za watani watu huuona umepooza.

"Huyu ni mtoto wetu," alipaza sauti kutoka shimoni. "Mlimchukua Pwani hajaota meno, mkamchanganya na mizigo yenu. Leo mnamfukia bila kuniuliza?"

Watu walicheka, padri naye akacheka, mama akapewa kanga ya marehemu akatoka. Baba yangu hakucheka.

Siku zikapita, fundi wa misalaba ya saruji akataka maneno ya kuandika. Jina lilikuwapo, siku ya kufa ilikuwapo. Tulipofika pale pa kuzaliwa nikasema Kwihara, maana ndivyo tulivyojua sote. Baba akamwambia fundi asubiri kwanza.

"Yule mama alijuaje?" akaniuliza.

"Alikuwa anatania, baba."

"Najua. Lakini misibani kwa wenzetu hasemi hivyo. Huyo ni mama yangu, siwezi kumwandikia uongo juu ya kichwa chake. Wewe ndiye mwalimu. Nitafutie."

Ninafundisha historia, na kwa uhaba wa walimu nimebebeshwa na biolojia. Kila mwaka nawaandikia kidato cha kwanza vyanzo vya historia ubaoni: masimulizi, maandishi, mabaki ya kale. Nawaandikia kwa mbwembwe, kama mtu aliyevitumia. Sasa nilitakiwa kuvitumia kweli, tena kwa bibi yangu mwenyewe. Maandishi hayakunisaidia, kwa sababu alibatizwa akiwa mtu mzima na kitabu cha parokia kiliandika alichosema yeye. Masimulizi ndiyo hayo ya shimoni. Nikajaribu kupiga hesabu ya umri, nikafurahi: bibi alipozaliwa treni ilikuwa imeshafika Tabora, na misafara ya wapagazi imekwisha. Nikampelekea baba jibu, kwamba hakuna msafara uliomleta, nikidhani nimemaliza kazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba wazee wake walikwenda kukata mkonge Pwani na kurudi kwa miguu, kwa njia ileile ya zamani, treni ikiwapita, kwa kuwa hawakuwa na nauli. Nikarudi kwangu Chemchem nimenuna.

Shuleni nikawauliza wenzangu. Mwalimu wa hisabati alisema nianze na kile ninachokikubali kuwa kweli, kisha nisonge hatua kwa hatua. Nikamwambia hicho cha kuanzia ndicho ninachokitafuta. Mwalimu wa dini alisema hata mama aliyenizaa nimeambiwa tu, nikaamini. Niliwaza vinasaba, lakini nivilinganishe na vya nani, Pwani nzima? Nikaingia darasani, nikawaambia watoto kwenye biolojia wasikubali jambo lisilopimwa. Kipindi kilichofuata, watoto walewale, nikawaambia wasidharau simulizi za wazee. Wakafunga daftari moja wakafungua jingine, na hakuna aliyeuliza. Mimi ndiye niliyesimama na chaki mkononi, kichwa kikizunguka, sijui niko kwenye somo gani.

Jumamosi nikaenda Ng'ambo. Yule mama alikuwa kwenye jiko lake, anageuza vitumbua kwa kijiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunirudishia mtoto wangu?"

Nikamweleza habari ya msalaba, nikamuuliza maneno yale aliyatoa wapi.

"Mwalimu, tangu lini utani ukadaiwa ushahidi?" Alicheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha. "Niliyakuta kwa mama yangu. Aliniambia mji ule wa kina bibi yako, Kwihara, uutanie hivi, usiutanie vingine. Sababu hakunipa, nami sikumuuliza."

"Na bibi alikuwa anajibu nini?"

"Alikuwa anacheka. Anasema, haya, nirudisheni kwetu, nauli juu yenu. Halafu siku moja nilimtania hapahapa, hakucheka. Akaniuliza, 'Kwetu ni kijiji gani?' Nikamwambia bibi, mimi sijui, natania tu. Akachukua vitumbua vyake akaenda. Sikumtania tena mpaka siku ile ya kaburi."

Nilimpelekea baba maneno hayo kama yalivyo. Nikamwonya kwamba kuuliza si ushahidi. Huenda bibi alijua kitu, na huenda utani wenyewe ulimtia shaka uzeeni, kama ulivyotutia sisi. Huenda siku hiyo aliamka vibaya tu. Nilisema "huenda" nyingi mpaka nikajichukia.

Baba alikuwa ameng'ang'ania jambo moja. "Aliuliza kijiji?"

"Ndiyo, baba."

"Akamuuliza muuza vitumbua. Mimi hakuniuliza."

Kisha akasema, "Mpigie fundi. Pale pa kuzaliwa asiandike kitu. Mama aliuliza hakujibiwa, na mimi siwezi kumjibu kwa kubahatisha."

Msalaba ukasimamishwa hivyo. Shangazi aliutazama, akasema fundi amesahau, mafundi wa siku hizi hawana akili. Sijui kama bibi alizaliwa Kwihara, na sioni somo litakaloniambia. Ninachojua kinaniuma: kila Krismasi tulijaa nyumbani kwake, watoto na wajukuu, tukala, tukamuuliza habari za mihogo, za mvua na za magoti yake, na yeye amekaa nalo swali lile.