Shefu wa Mupaka Bila Pasipoti

Bandugu, muniache nijicheke mwenyewe. Niliomba kazi ya kulinda mupaka kwenye ziwa, na kartie yetu yote hapa Bunia ilikuwa imeanza kuniita "shefu". Siku ya kuulizwa maulizo niliingia na koti ya shemeji, roho inaruka kwa furaha.

Mukubwa wa biro ya mupaka akauliza: "Ziwa unaijua?"

"Sana, shefu! Nimevuka kwenda Uganda mara mingi!"

Nikamutajia kila fasi karibu ya Tchomia kwenye mitumbwi inapitaka bila kukutana na askari. Yeye anaandika kwenye kaye yake, mimi naongeza mbio. Kazi iko yangu!

"Asante, papa. Onyesha pasipoti, nione kashe, ile mihuri ya kuvuka."

Pasipoti? Sijapata hata siku moja, nikamuambia.

Akafungua kaye tena, pole pole: "Basi, jina yako inaandikwaka namna gani?"