Mashimo ya Udongo Nyuma ya Kambi ya Reli

Jumanne tulimzika hapa Kamina mtu ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa ubaya: yule mkaguzi wa usafi aliyeingia nyuani kutafuta maji yaliyotuama na kuwaandikia wenye nyumba adhabu. Homa ndiyo iliyomchukua. Makaburini tulikuwa watu sita. Mimi niliyekuwa karani wa ofisi yake nina jambo la kuwaeleza.

Msimu mmoja wa mvua alikwenda nyuma ya kambi ya reli, kwenye mashimo ya udongo wa matofali, akamkuta mama aliyekuwa amemzika mtoto wake juma lililotangulia. Hakutoa daftari. Alichota maji kwa glasi, akamwonyesha viluwiluwi vya mbu vikipindapinda.

“Weye njo unatuandikaka azabu,” mama alimwambia. “Leo unataka nini?”

“Leo niko naomba tu, mama. Hii vidudu njo inakuwa mbu. Tufukie haya mashimo pamoja.”

Mama aliitazama glasi. “Na mutoto wangu, homa yake ilitoka humu?”

“Siwezi kukudanganya. Sijue. Lakini batoto bengine bako bazima bado.”

Jumamosi mama alikuja na jembe, na majirani nyuma yake. Walifukia Jumamosi tatu mfululizo, wake kwa waume, na mkaguzi akachimba pamoja nao, shati ameliweka kando. Sikuwahi kumwona akicheka kazini kabla ya hapo.

Kisha mkubwa wetu, Mzungu, akapata habari. Hakuuliza ni mashimo mangapi yamefukiwa. Aliuliza ni nani aliyetoa ruhusa ya kukusanya watu. Mkaguzi akahamishiwa Kinkondja, na kambini ikasomwa amri kwamba kazi ya mbu ni ya serikali peke yake. Barua ya uhamisho niliipiga mimi kwa mashine. Mwaka uleule mashimo yalichimbwa upya, ukatolewa udongo wa matofali ya majengo mapya. Mama yule alizika mtoto wa pili. Mkaguzi aliporudi, mzee tayari, nilimweleza. Aliinuka, akaniaga.

Majuzi ofisi iliwaita wakazi wazibue mitaro. Hakufika mtu, na mkubwa wa sasa ameandika kwamba watu hawa ni wavivu. Sisi tuliokaa ofisini tulipaswa kulijua hili mapema: watu uliowafukuza siku walipokuja kwa hiari yao hawarudi eti kwa kuwa leo unawahitaji. Mvua imekwisha kuanza, na mitaro imejaa.