Niliomba Tindikali Ishuke

Nilikuwa nimehama kambi ya Nakivale, nimepanga chumba mtaa wa Nyamityobora, na kazi yangu ilikuwa kutafsiri katika hospitali moja ya Mbarara. Madaktari walisema Kiingereza, nami niliwageuzia wakimbizi wenzangu kwa Kiswahili chetu cha Kongo. Asubuhi moja niliitwa chumba cha wagonjwa mahututi. Mwanamume ameletwa kutoka kambini, utumbo umetoboka, usaha umejaa tumboni, wamempasua usiku. Alikuwa na mpira kooni, mashine ikimpumulia. Nilimtambua kwa sikio lake la kushoto, lililokatika nusu tangu ujana.

Kule Kivu ya Kusini, alikuwa jirani yetu. Alikula kwetu. Wenye bunduki walipoingia kijijini, ndiye aliyewatangulia na kunyoosha kidole kwenye mlango wetu. Walimchukua kaka yangu. Hata mwili hatukuupata. Nakivale ni kubwa; sikujua kwamba mtu yule naye yuko humo.

Mkewe, aliyemwoa huku Uganda, hakunijua. Alinishika mkono. "Dada, umuulize munganga kama bwana yangu atapona."

Daktari alisema wamepima damu. Mwili ukikosa hewa na nguvu, hutoa tindikali, na ya huyu ilikuwa juu sana. Wangeendelea kupima. Ikishuka mapema, wagonjwa wengi wa namna hiyo hutoka wazima. Ikizidi kupanda, wengi hufa. "Lakini damu haisemi yote," aliongeza. "Inatuonyesha tu upande anaoelekea."

Niligeuza kila neno. Mke alipiga magoti pale pale akaomba. Mimi nami niliomba, na nadhani nilimshinda. Sikutaka afe. Angekufa, angekuwa amenitoroka tena, safari hii akiwa chini ya shuka safi, mchungaji wa kambini akimwita shemasi na mtumishi wa Mungu. Nilimtaka awe hai, macho wazi, anijibu.

Jioni majibu yalirudi: tindikali imepanda. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakamsafisha tumbo upya. Kesho yake nilikuwa nimesimama mlangoni kabla ya kuitwa.

"Imeshuka kidogo," daktari alisema.

"Kidogo kiasi gani?"

Alinitazama kwa upole. "Unamjali sana huyu mzee."

"Ninamhitaji," nilisema.

Iliendelea kushuka. Siku walipomtoa mpira, hakuna aliyeniita. Nilikwenda mwenyewe. Mkewe alikuwa kando ya kitanda, pamoja na mchungaji wao. Niliinama hadi uso wangu ukawa mbele ya wake.

"Unanijua?"

Alinichunguza uso. "Uko mutoto wa mwalimu."

"Kaka yangu walimuzika fasi gani?"

Alifumba macho. Nikamwambia afumbue. Mkewe aliuliza kuna nini, nikamwambia: kidole, mlango, kaka yangu akitolewa bila viatu. Nilisema polepole ili asikose hata neno.

"Ni uongo?" alimuuliza mumewe.

Alinijibu mimi, kwa sauti iliyokwaruzwa na ule mpira. "Chini ya mashini ya kusaga mihogo. Pembeni ya mutoni."

Mkewe aliachia mkono wake. Alichukua kitenge chake na thermosi ya uji, akatoka nje.

Mchungaji aliniita kando. "Mama, umusamehe. Ametubu."

"Hajatubu, baba mchungaji. Ameulizwa, akajibu."

Alipona, akarudi Nakivale. Mkewe alihamia kwa dada yake, upande mwingine wa kambi, na yeye mwenyewe alinyang'anywa ushemasi kanisani. Mama yangu nilimweleza mahali alipo mwanawe. Alilia, kisha akaniuliza kama nilimpiga yule mtu. Nikasema hapana. Akasema ilinipasa nimpige.

Nikienda kambini kumsalimia mama, napita kwenye shamba la maharagwe la mtu yule, ingawa kuna njia fupi zaidi. Nasimama mpaka ainue kichwa anione. Akishaniona, ndipo naendelea na safari yangu.