Wazazi Watapanda Kutuza, na Mwanafunzi Wangu Atakuwa Chini ya Jukwaa

Admin, jina langu lifiche na shule usiitaje, maana Kibaha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ndugu zangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, nimepanga chumba Sofu. Ninajitolea kufundisha sekondari moja hapa mjini huku nikisubiri ajira. Somo langu ni Kiswahili, ila kwa vile chuoni nilisoma sanaa za maonyesho, nilikabidhiwa klabu ya maigizo. Watoto ninawafundisha zile kazi ambazo watazamaji hawazioni: kujenga jukwaa, kupanga taa, kuchora mandhari, kuvuta pazia bila kelele. Kazi hii naipenda kuliko mshahara, ambao hata hivyo sina.

Jumamosi hii ni mahafali ya kidato cha nne. Wanafunzi wangu wamejenga jukwaa la mirunda na mbao, limefika usawa wa kifua, na katikati lina kisima. Ni mlango wa sakafuni. Mwigizaji anatumbukia, na mwenzake aliyejibanza chini anafungua komeo na kumpokea kwenye godoro. Wazo hilo ni la binti mmoja wa bweni, kwao Kisarawe, nimwite Mwanaidi ingawa si jina lake. Ndiye atakayekaa chini mchezo mzima. Nilimsifia kwa walimu wote, nikamsifia kwa mkuu wa shule, naye akamwambia mgeni rasmi. Mdomo wangu huu!

Jamani, nilipopiga hesabu ya uzito, nilihesabu waigizaji tu. Nilisahau kutuza. Nanyi mnayajua mahafali yetu. Mtoto akiigiza vizuri, mama anainuka na kitenge chake, shangazi anafuata, majirani wanamfuata shangazi, wote jukwaani wanacheza, wanamvisha mtoto mashada na kumbandika noti usoni. Hakuna anayeuliza mbao zinabeba watu wangapi. Mimi mwenyewe nilituzwa hivyo hivyo nilipomaliza shule, na bado sikukumbuka!

Nilikumbushwa kwenye mazoezi wiki hii. Aliyetumbukia kisimani alipoibuka, wenzake wakaamua kumtania. Wakachuma majani ya mwarobaini wakayafanya noti, wakapanda darasa zima kumtuza huku wakipiga vigelegele. Mbao zikabonyea. Nikasikia kah! Niliita "Shukeni!" kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Mwanaidi akatoka chini na vumbi la mbao kichwani, anacheka. Mimi niliinama kutazama, nikaona ubao mmoja umeingia ufa.

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa mkuu. Nikamweleza kwamba pale katikati hatuwezi kuongeza nguzo kwa sababu ndipo kisima kilipo. Nikamwomba tukizibe, au MC atangaze kwamba kutuza kutafanyika chini, uwanjani.

Akacheka. "Umzuie mzazi kumtuza mwanawe? Hapa Pwani? Mwalimu, watatupigia kelele."

"Mkuu, kuna mtoto chini yake."

"Fundi atapigilia ubao. Mgeni rasmi ameshaambiwa kuna kisima, na wewe ndiye uliyekitangaza. Uoga wako usiniharibie shughuli."

Hilo neno la mwisho alilisema bila kucheka. Na neno lake ndilo ninalolitegemea nikiomba ajira. Fundi kweli alikuja, akagonga ubao mmoja juu ya ufa, akaondoka.

Nikamwita Mwanaidi faraghani, nikamwambia asiingie kule chini. Akanitazama kama nimemnyang'anya kitu. "Lakini mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba aliyejenga ndiye anayesimama pa hatari? Na nisipokuwepo mimi, komeo atafungua nani? Atawekwa mwingine tu." Ni kweli nilifundisha hivyo, tena kwa mbwembwe.

Sasa silali. Nikifumba macho nasikia ile kah. Nikipita karibu na lile jukwaa, watoto wananiita, "Mwalimu, njoo uone rangi tuliyopaka!"

Jana jioni mama yake Mwanaidi akanipigia. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu wangu. Mwanangu kaniambia hataonekana, yuko chini ya jukwaa. Nikasema hewala, basi sisi tutampandia huko huko juu! Tumeshona sare, tumekodi gari, akina mama wa mtaa mzima tunakuja. Tutalicheza jukwaa lake mpaka asikie huko chini kwamba mama yake kafika."

Nikajibu, "Karibuni sana, mama." Ndivyo nilivyojibu. Nilishindwa kumwambia, kwa woga. Simu ilipokatika nililia kama mtoto.

Nikichukua msumeno nikakiharibu kile kisima mwenyewe, ajira nimeiaga na watoto wangu watanichukia. Nikimwambia mama ukweli, mkuu atajua umetoka kwangu. Nikinyamaza, mama yule atapanda na furaha zake juu ya kichwa cha mwanawe. Wana-ukurasa, wazazi mliomo humu, mnijibu leo, Jumamosi imekaribia: mngekuwa mimi, mngefanya nini?