Khati za Babu Yaarub

Babu yake baba yangu, Yaarub bin Mhenna, alikuwa wakili pale Ibra, Omani. Aliwasemea watu mbele ya kadhi, na vita vikija alichukua bunduki yake akaenda na wenzake. Baadaye akaoa Unguja, na huko ndiko tulikozaliwa sisi.

Sasa jamaa wa Ibra wanachapisha nasaba ya ukoo. Laith, anayeiandika, akaniambia, "Ami, mimi nakuamini. Lakini wazee wanataka waione khati yake, maandishi ya mkono wake, la sivyo tawi lenu haliingii. Ijumaa tunafunga kitabu."

Nikapanda gari mpaka Nizwa kwa mdogo wangu Zabibu, aliyeweka sanduku la khati zile tangu tulipohama Unguja.

"Shikamoo, kaka. Bado wazurura tu!"

"Marahaba. Nimefuata khati za babu."

"Mbona nilizichoma! Zilikuwa zimeliwa na mchwa, na kila moja ina Bismillahi juu. Ningezitupa jaani, jina la Mungu likanyagwe? Majivu nikayatia kwenye maji ya falaji, mfereji wa shambani."

Ningemgombeza vipi? Ndivyo mama alivyotufunza sote wawili. Nikanywa kahawa yake.

Ijumaa Laith akapiga simu. Nikamwambia, "Funga tu, mwanangu."