Umeme Niliodai Nimeupunguza

Kompyuta yangu niliiweka chumba cha kulala kwa sababu siamini mtu. Hapa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, kila mmoja anajua kwamba kwa kompyuta hiyo nawachorea wanunuzi wa ng'ambo sanamu za mawe kabla hazijachongwa, na kinachojulikana huibwa.

Ijumaa moja mnunuzi alitaka picha kabla jua halijazama, maana Sabato ikiingia mimi sigusi kazi. Asipozipata, oda ingeenda karakana nyingine na wachongaji wangu sita wangekaa bure. Nayo mashine ilikuwa ikizimika kila ikifika katikati ya picha. Kadi ya michoro, ile sehemu inayotengeneza picha, ilikuwa inachemka, feni inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

Nikamwita mume wa binti yangu, fundi wa kompyuta Kisii mjini. Kwetu mkwe haingii chumba anamolala mama mkwe, hata nyumba ikiungua. Akaketi sebuleni, ameupa mlango wa chumba changu mgongo, akawa ananielekeza kwa sauti.

"Mama, kwenye programu ya kadi, unaona mstari wa nukta unaopanda? Kwenda kulia ni umeme, kwenda juu ni kasi. Tafuta nukta ya umeme wa mia tisa. Ipandishe hadi kasi ya sasa, halafu zote zilizo kulia kwake zilaze, zilingane nayo. Kadi itafanya kazi ileile kwa umeme kidogo."

Nikashtuka. "Ng'ombe umpunguzie nyasi, maziwa yabaki yaleyale?"

"Huyu alikuwa anakula kupita kiasi, Mama. Ile ziada inageuka joto tu."

Maneno matamu mno. Duka lake linauza kadi. Yangu ikidhoofika, nani ataniuzia nyingine? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikabofya kipanya mara kadhaa ili asikie, bila kubadilisha chochote.

"Nimelaza," nikasema.

Picha ikaanza, feni ikanguruma vilevile. Ilipofika nusu, skrini ikawa nyeusi.

 Fundi hadanganywi na feni, alikuwa ameshajua. Nikangoja aniumbue.

"Pole, Mama," akasema. "Labda mashine haikushika vizuri. Hebu tuiweke tena hiyo nukta, polepole."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Safari hii niliipandisha kweli, nikazilaza zile nyingine, nikabonyeza alama ya kukubali. Feni ikatulia. Picha zikatoka moja baada ya nyingine, na ya mwisho niliituma jua likiwa bado juu ya migomba.

"Sasa imeshika," akasema. Nilitega sikio nisikie kejeli. Haikuwepo.

Jumapili wachongaji wawili walinisaidia kubeba meza ya kompyuta. Tukaiweka sebuleni, karibu na kiti anachopenda kukalia mkwe wangu. Mlango wa mbele niliuongezea kufuli ya pili, maana watu ni wale wale. Ilikuja na funguo mbili. Moja nilimpa yeye.